Stepu za Mama Mkwe

Kila mara Mama mkwe wangu alipopanda gari langu, mimi nilitazama migomba. Mke wangu alikuwa akimsukuma kwa nyuma, shemeji yangu akimvuta kutoka ndani, na yeye mwenyewe, mama mzima aliyezaa na kuzika, akining'inia katikati, mguu mmoja hewani, akihema na kumwita Nyasaye, Mungu wake. Mimi nilisimama upande wa pili, mgongo nimewapa, nikikagua majani ya migomba ya jirani kana kwamba nimetumwa na serikali.

Sikuwa na la kufanya. Kwetu Wajaluo mama mkwe ni maro, na maro haguswi ovyo na mume wa binti yake. Mnasalimiana kwa heshima, mmeachiana nafasi. Hulali nyumbani kwake, na akihangaika na nguo zake unageuza uso. Vijana wa siku hizi wameanza kulegeza, lakini nyumba niliyooa mimi haikulegeza. Yeye huniita Orwa, yaani mkwe wetu, nami humwita Mama. Miaka yote tumependana hivyo, kwa mbali.

Urefu wa gari lile nilikuwa nimeuleta mwenyewe. Nauza dawa za mifugo, na soko langu kubwa ni Ogwedhi, kule Uriri inakopakana na Narok. Mvua ikinyesha, udongo mweusi wa kule hushika gari kama ulimbo. Kwa hiyo nililiwekea springi ndefu na magurudumu makubwa, likainuka hadi mtu mfupi akawa anafungua mlango kwa kunyoosha mkono. Wafugaji walinisifu. Mama mkwe, ambaye magoti yalikuwa yameanza kumsaliti, hakusema neno. Lakini siku moja, baada ya kuvutwa ndani, nilimsikia akimwambia binti yake kwa sauti ya chini, "Siku nyingine nitafutieni boda. Nimechoka kuinuliwa kama ng'ombe aliyeanguka."

Maneno hayo yalinikaa. Harusi ya binti wa mdogo wake ilikuwa inakaribia, kule Homa Bay. Mama mkwe ndiye mkubwa katika ukoo wao, na harusi isingeanza kabla hajafika. Nikaapa moyoni kwamba safari hiyo atapanda kwa miguu yake mwenyewe, na atashuka kwa miguu yake mwenyewe mbele ya dada zake wote.

Niliagiza stepu kutoka Nairobi, yaani zile ngazi ndefu za bati nene zinazofungwa chini ya milango, mtu akanyage kwanza ndipo aingie. Muuzaji alinihakikishia kwa simu kwamba zinaingia kwenye gari langu bila shida. Zilifika Migori Ijumaa asubuhi kwa basi la mizigo, siku mbili tu kabla ya harusi. Nilizibeba moja kwa moja hadi gereji ya jua kali iliyo kando ya barabara ya Isebania. Fundi wa pale ni rafiki yangu wa tangu tukiwa wadogo. Tulicheza mpira pamoja, na kama mpirani, kila mmoja wetu hukataa kusema kwamba kitu kimemshinda.

Tulifungua boksi kwa furaha. Stepu zilikuwa nyeusi, zimeng'aa, zina raba ya kuzuia mguu usiteleze. Fundi alilaza turubai chini ya gari, akaingia na breketi ya kwanza, kile chuma kilichokunjwa ambacho ndicho hushikilia stepu kwenye chesisi, mifupa ya gari.

"Iko aje?" nikamuuliza.

"Ngoja."

Nilingoja. Nikasikia chuma kikigonga chuma, kisha kimya, kisha tusi dogo.

"Hii tundu moja inakubali," akasema kutoka chini. "Zingine zinachungulia tu."

Niliingia chini mwenyewe nikaona. Tundu la kwanza la breketi lilikuwa limekaa sawa juu ya tundu la chesisi. La pili lilikuwa limefunikwa zaidi ya nusu, ukaona uwazi mwembamba kama mwezi mwandamo. La tatu halikuonekana kabisa, nyuma yake kulikuwa na chuma kitupu. Tulijaribu breketi nyingine, tukageuza za kulia kuwa za kushoto, tukazibandika juu chini. Upande wa kushoto mambo yalikuwa mabaya zaidi, kwa sababu breketi ya nyuma iligonga bomba la moshi kabla haijafika mahali pake. Na yale matundu machache yaliyokubali yalikuwa yamejaa udongo wa Ogwedhi, umekauka ukawa kama saruji. Tuliuchokoa kwa msumari, tukamwagia dizeli, tukasugua kwa brashi ya waya.

Karatasi ya maelezo ilionyesha gari linalofanana na langu kwa mbele tu. Lilikuwa toleo la baadaye, na chesisi yake ilikuwa nyingine. Ndipo tulipoelewa.

Fundi alikaa juu ya tairi kuukuu akajifuta mikono. "Rudisha," akasema. "Waambie watume breketi zenyewe."

"Harusi ni Jumapili."

"Basi mama ya watu aende na matatu."

"Hapana," nikasema, kwa ukali ulionishangaza mwenyewe. "Amechoka kuinuliwa. Funga hivi hivi."

Alinitazama kidogo, kisha akacheka, akachukua drili. Hakuna aliyemlazimisha mwenzake baada ya hapo. Tulifanya kazi ile wawili kwa bidii, kama watu wanaojenga kitu cha maana. Tulirefusha matundu ya breketi kwa drili mpaka yakawa mviringo wa yai. Pale bolti ilipoyumba tulipachika washa, zile pete bapa za chuma, moja juu ya nyingine. Ile breketi ya nyuma kushoto tuliikunja kidogo ili ikwepe bomba la moshi, na baada ya kuikunja ilikubali bolti moja pekee, nayo ilikuwa fupi. Ilishika nyuzi chache tu, kisha ikakaza.

"Panda," fundi akaniambia.

Nilipanda juu ya stepu ya kushoto, nikarukaruka. Haikutikisika. Mimi ni mwembamba, baba yangu aliniita fito, lakini wakati ule sikukumbuka hilo. Nilirukaruka tena mbele ya watu wa gereji, nikainua mikono kama mchezaji aliyefunga bao, wakanipigia makofi.

Jumapili asubuhi tulimfuata Mama mkwe kwake Uriri. Alitoka amevaa gauni la kitenge la zambarau na kilemba cha kufanana nalo. Alipoona stepu alisimama. Mke wangu akamfungulia mlango wa nyuma, upande wa kushoto, akamwonyesha mahali pa kukanyaga. Mama mkwe akaweka mguu mmoja, akashika mlango, akainuka, akaingia, akaketi. Hakusukumwa. Alijipangusa gauni, akatazama mbele kama mke wa gavana.

"Orwa," akasema, "leo nimepanda kama mtu."

Siku hiyo sikuitazama migomba. Nilimtazama kwenye kioo cha dereva, naye akanitazama, tukacheka sote. Nikijaribu kukumbuka siku ile yote, hapo ndipo ninapopenda kukaa.

Barabara ya kutoka kwake hadi lami ina mawimbi kama ubao wa kufulia. Hatukufika mbali nikasikia mlio mwembamba upande wa kushoto, chuma kikinong'onezana na chuma. Mke wangu naye aliusikia.

"Kuna kitu inalia," akasema.

"Ni barabara," nikajibu.

Tulipofika lami mlio ukapungua. Tukapita Rongo, tukashuka kuelekea ziwani, na ulipoanza tena niliongeza sauti ya redio. Kwaya ilikuwa ikiimba, Mama mkwe akaimba nayo.

Nyumba ya mdogo wake iko mlimani, juu kidogo ya mji wa Homa Bay, na kutoka uani unaona ziwa lote. Hema lilikuwa limeshasimamishwa, viti vya plastiki vimevalishwa vitambaa vyeupe. Walipoliona gari, wanawake walitoka kwa pamoja wakipiga vigelegele, dada zake wako mbele, wengine wakicheza na mikono juu. Niliruka chini, nikazunguka mbio kumfungulia mlango, kwa sababu nilitaka niwe pale. Nilitaka waone ni mkwe wa nani aliyemleta.

Mama mkwe aligeuka kitini, akateremsha mguu wa kulia hadi kwenye stepu. Kisha akaleta uzito wake wote.

Sikusikia bolti ikikatika. Niliona tu stepu ikiinamisha mwisho wake wa nyuma, polepole mwanzoni, halafu kwa ghafla. Mguu wake ukateleza kwenye ule mteremko, mwingine ukabaki ndani ya gari, naye akaja mbele, mikono yote miwili ameninyooshea.

Alikuwa karibu nami kiasi cha mimi kumshika bila hata kupiga hatua. Nami nilirudisha mikono nyuma.

Sikuamua. Ningeamua, pengine ningekuwa na la kujitetea. Mikono yangu ilirudi yenyewe kama ya mtu aliyegusa sufuria ya moto, nikarudi na hatua moja pia, na uso wangu ukageuka pembeni. Nilichofundishwa tangu siku ya kutoa mahari kilifanya kazi yake kabla akili haijafika. Kijana wa boda aliyekuwa ameleta kreti za soda alizitupa chini, akaruka, akamdaka kwapani. Hakuweza kumshika sawasawa. Muundi wa Mama mkwe ulikwaruzwa na ile breketi iliyokunjwa, kuanzia chini ya goti hadi karibu na kifundo. Gauni la zambarau likachanika, damu ikatoka.

Vigelegele vilikatika. Nilisikia soda ikitoa povu kwenye chupa zilizovunjika.

"Yawa!" mmoja wa dada zake akapiga kelele. "Mleteni ndani!"

Wanawake walimzunguka, wakamfunika kwa leso, wakampeleka ndani amening'inia mabegani mwao, akiinuliwa na watu wengi kuliko siku nyingine zote. Kijana wa boda alibaki amesimama na damu kwenye shati. Alinitazama mikono. Alikuwa mgeni kabisa kwangu, lakini mpaka leo nikiona kijana ameegemea pikipiki akinitazama, mikono yangu hutafuta mifuko.

Mzee mmoja, mjomba wa mke wangu, alinijia akanikalisha kwenye kiti. "Usijilaumu," akasema. "Umeonyesha una adabu. Mkwe ana mipaka yake." Mzee mwingine akatikisa kichwa kukubali. Wa tatu akanung'unika kwamba adabu haikatazi kuokoa mtu, wakaanza kubishana, nani alishika maro wake lini na nini kilitokea, huku mimi nimeketi katikati yao kama kitabu wanachokisoma. Matusi yangenifaa zaidi. Yule aliyenisifu ndiye aliyenichoma kupita wote.

Walimwita daktari msaidizi mmoja wa mjini, ndugu yao, akaja akamshona jeraha palepale chumbani. Mama mkwe akaagiza harusi iendelee. Nilisikia amri hiyo ikipita kutoka dirishani hadi hemani, muziki ukaanza.

Nilishindwa kuingia hemani. Nilichukua spana kwenye gari, nikavua koti, nikalala chini ya gari na suruali yangu ya suti, nianze kuifungua stepu iliyokuwa inaning'inia. Mtu anayelala chini ya gari hatazamwi usoni, hiyo ndiyo sababu. Nilifungua nati moja baada ya nyingine, vumbi likinidondokea machoni, na nikaona kila tulichokifanya Ijumaa: matundu ya yai, washa zilizorundikana, ile bolti fupi imekatika kwenye shingo. Watoto waliinama kunichungulia, wakaitwa na mama zao. Baadaye nikaona viatu vya mke wangu vimesimama karibu na tairi.

"Baba," akaniita, jinsi aniitavyo nyumbani mbele ya watoto.

"Naam."

"Mama anauliza kama umekula."

Niligeuza spana. Viatu vilisubiri.

"Nimwambie nini?"

"Mwambie nimekula."

"Hujakula." Kiatu kimoja kilisogea. "Nilisikia hiyo kelele njiani, nikakuambia."

"Uliniambia."

"Laiti ningesema mara ya pili," akasema, na sauti yake ikavunjika. "Ni mamangu. Ningesema mara ya pili." Viatu vikaondoka.

Tulirudi Migori sisi wawili, stepu zote mbili zimelala nyuma kwenye buti. Mama mkwe alibaki kwa mdogo wake mpaka jeraha lipone. Alinitumia salamu kila alipozungumza na binti yake, na kila mara salamu hizo zilinifikia kama mtu anayebisha mlango ambao sitaki kuufungua. Wiki zikapita nikienda Ogwedhi na kurudi. Wafugaji wakiniuliza kwa nini siku hizi sicheki, niliwaambia jua ni kali.

Breketi sahihi, nilizomdai muuzaji baada ya harusi, zilikuja hatimaye. Fundi alinipigia simu kabla sijampigia. Habari ya kuanguka kwa Mama mkwe ilikuwa imeshamfikia. Nilipofika gereji hakunitania. Tulizifunga, na jambo lililonishangaza ni jinsi kazi ilivyokuwa nyepesi. Breketi zilikaa mahali pake kana kwamba chesisi ilikuwa inazingoja. Kila bolti iliingia kwa vidole hadi karibu na mwisho ndipo tukachukua spana. Ya nyuma kushoto ilipita mbali na bomba la moshi, na nafasi ya kupitisha kiganja ikabaki.

"Ona," fundi akasema. "Ilikuwa ni kungoja tu."

Kisha akapanda juu ya stepu yeye, na wasaidizi wake wawili, na mwenye kibanda cha chai, wakasimama hapo kwa pamoja, hakuna aliyecheka wala kupiga makofi.

Nilienda na mke wangu kumchukua. Tulimkuta uani Homa Bay, ameketi kwenye kiti cha plastiki akichambua omena, wale dagaa wa ziwani, mguu umenyooshwa, kovu linang'aa, fimbo mpya ya mti imeegemezwa kitini. Mke wangu aliingia ndani na mama yake mdogo, nadhani kwa makusudi. Nilibaki nimesimama mbali kidogo, pale mkwe anaposimama.

"Mama," nikasema, "nimekuja kuomba msamaha. Si kwa ajili ya gari."

"Najua si kwa ajili ya gari." Aliendelea kuchambua. "Siku ile uliogopa nini, Orwa?"

"Niliogopa kukushika."

Aliinua uso, akanitazama sawasawa, jambo ambalo hatulifanyi mara nyingi. "Mimi nilipoona nakuangukia wewe," akasema, "niliogopa utanishika. Ndiyo maana sikukamata hata nguo yako. Ningeweza. Ulikuwa hapo." Akatupa uchafu wa omena kwa kuku. "Tuliogopa wote wawili, na mguu wangu ukalipa."

Nilisema kwamba mguu wake haukupaswa kulipa. Akasema kweli, haukupaswa. Hakuniambia si kitu, nami nilishukuru kwa hilo.

Wakati wa kuondoka ulipofika, watu wa nyumba walitoka wakasimama uani wakajifanya wana kazi. Mama mkwe alikagua stepu kwa fimbo yake, akaigonga mwanzo, kati na mwisho. Dada yake akasogea kumsukuma. Akamkataza kwa mkono. Kisha akaishika fimbo upande wa chini, akaninyooshea upande wa juu, wenye mpini.

"Shika hapo," akasema. "Na usiangalie pembeni. Niangalie miguu, uniambie kama naweka sawa."

Nilishika. Alikanyaga stepu, akavuta fimbo, nami nikavuta upande wangu, nikahisi uzito wake ukipita kwenye mti hadi mabegani mwangu. Alikuwa mzito kuliko nilivyowahi kufikiri. Magoti yalimtetemeka, kovu likakunjamana, gauni likapanda kidogo, nami nikaangalia kama nilivyoambiwa.

"Sogeza kushoto kidogo, Mama. Hapo. Sasa mwingine."

Akaingia, akaketi. Uso ulikuwa na jasho. Hakusema amepanda kama nani.

Tulipofika Rongo alitaka kununua ndizi, kwa hiyo akashuka tena, na akapanda tena, na watu wa sokoni wakatuona. Mzee mmoja aliyekuwa ameketi mlangoni mwa duka aliguna aliponiona nikimtazama miguu maro wangu mchana kweupe. Masikio yalinipata moto. Niliendelea kushikilia mpini mpaka aliponiambia niachilie.